Makarov kwenye nyumba ya pwani: springi iliyogeuka, na chumvi isiyotoka kwa mafuta

Kuna kijana wa Wete kaniandikia, nafupisha maneno yake: "Shikamoo ami. Mie nafanya biashara ya karafuu, msimu ukifika natembea na pesa nyingi za watu, kwa hiyo nina bastola ya Makarov na leseni yake ipo. Nyumba yangu hatua chache tu na bahari, nimeanza kuona vidoti vya kutu. Nikaifungua kwa kufuata video moja, springi ikanirukia chini ya kabati, nikaipata nikarudisha kila kitu, lakini sasa slaidi nzito na inakwama kabla haijafika mbele. Mama anasema nipake mafuta ya nazi, jirani anasema ya karafuu ndo dawa ya kutu. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Hiyo bastola iache pale pale ilipo, usiiguse mpaka umalize kusoma, maana silaha iliyokwama ndo khatari kuliko zote, hujui ndani kuna nini na wewe mwenyewe ushaanza kuikasirikia. Mie nimekaa miaka mingi kwenye ghala la silaha nikifungua na kufunga hizi, na karibu kila mtu niliyemuona anaumia au anakosakosa kuumia, alikuwa na haraka.

Kwanza springi, maana naona ndo inayokusumbua. Makarov ina springi moja kubwa ya kurudisha slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele, nayo inavaa mtutu kama bangili, na ncha zake mbili hazilingani, moja imebana na nyengine imelegea. Ile iliyobana ndo inayotangulia kuingia kwenye mtutu, unaisukuma kwa kuizungushazungusha mpaka inashika yenyewe nyuma karibu na chemba, pale risasi inapokaa ikingoja kupigwa, ukiinamisha bastola haidondoki. Ukiigeuza, inacheza, inakaa mshazari, na slaidi ikirudi inaibana vibaya, ndo huo uzito unaousikia. Nakisia tu kwa sababu sijaiona kwa macho, lakini mtu akinambia springi ilimrukia kisha slaidi ikawa nzito, mie hapo ndo naangalia mwanzo.

Na video uliyofuata, hebu iangalie tena ni ya bastola gani. Siku hizi video nyingi ni za Glock, ile ya Austria, na Glock haifunguki mpaka ubonyeze triga kwanza, ndo ilivyoundwa. Sasa mtu wa Makarov akiona vile na yeye anabonyeza triga, wakati Makarov haitaki hilo hata kidogo. Kama utabeba neno moja tu kutoka kwangu beba hili, kwenye kufungua Makarov kidole hakina kazi yoyote kwenye triga.

Haya, sasa tuingie kazini. Watu nyumbani waambie watoke chumbani, watoto hasa. Risasi zote ziwe chumba chengine, sio mezani pembeni yako. Tafuta ndoo ujaze mchanga, mdomo wa bastola uangalie kwenye ndoo hiyo muda wote. Nasema mchanga kwa sababu ukiwa ghorofani kwenye nyumba za boriti, chini yako kuna mtu amelala, na ukiwa chini, juu yako kuna mtu amekaa, boriti na chokaa sio kitu cha kutegemea kuzuia risasi.

Unaanza na magazini, kile kibebeo cha risasi kinachoingia mpinini. Kwenye Makarov kitufe chake kiko chini kabisa ya mpini kwa nyuma, unakisukuma nyuma kwa kidole gumba na mkono mwengine unaivuta magazini. Ikishatoka, iweke mbali. Kisha sefti, kile kishikio cha usalama, iko kushoto nyuma ya slaidi, ikiwa juu imefunga na slaidi haivutiki, kwa hiyo unaiteremsha chini. Hapo kidole chako kiwe kimenyooka nje ya triga. Unavuta slaidi nyuma mpaka mwisho, unaangalia chemba kwa macho, kisha unaingiza ncha ya kidole kidogo, unapapasa, maana usiku au kwenye mwanga hafifu jicho linadanganya.

Nakupa kisa ili mpangilio huu usikutoke kichwani. Mwaka wangu wa pili kazini, mwenzangu mmoja aliletewa bastola asafishe. Akaikoki kwanza, yaani akavuta slaidi, risasi moja ikaruka nje, akaiokota akaitia mfukoni, akaona basi imekwisha. Ndo akatoa magazini. Lakini pale alipoachia slaidi ilikwenda mbele na risasi ya pili ikaingia chemba, na magazini ilipotoka ile risasi imebaki mle. Akaelekeza ukutani akabonyeza triga kushusha nyundo ya bastola. Mlio ule kwenye chumba kidogo cha sementi mpaka leo nausikia, na kipande cha plasta kilimkata shavu karani aliyekuwa anaandika daftari. Alikuwa mtu mwenye ujuzi, na hakukosea kitu chengine chochote, alichogeuza ni mpangilio tu, chemba mwanzo magazini baadae. Toka siku hiyo mie nikishika silaha yoyote naitoa magazini, naangalia chemba, kisha nairudia tena kuangalia hata kama nimetoka kuangalia sasa hivi.

Kwako wewe slaidi imekwama, kwa hiyo ukishatoa magazini pengine chemba huioni. Vuta taratibu, mdomo kwenye mchanga. Kama inakubali kwenda nyuma mpaka ukaona chemba, endelea. Kama haikubali, usiigonge kwa nyundo ya fundi, usitie bisibisi, usiibane kwenye jiliwa. Ihesabu ina risasi ndani, isitembezwe mikononi mwa watu, na ulizia kituo cha polisi ulikosajili wakuelekeze fundi mwenye kibali cha silaha, au wamlete. Fundi wa baiskeli hata akiwa hodari vipi hii sio kazi yake.

Tuseme imekubali na ni tupu. Sasa ile gadi inayozunguka triga unaishika kwa mbele, unaivuta chini, halafu unaisogeza pembeni kidogo ili iegemee kwenye fremu isirudi. Ikirudi juu slaidi haitoki na utahangaika bure. Ikishakaa pembeni, unavuta slaidi nyuma yote, unainyanyua kwa nyuma, unasikia imeachia njia zake, kisha unaiachia iende mbele polepole huku kiganja kimeishika. Polepole nasema, hapa ndo springi yako ilipokimbilia kabatini. Springi ya Makarov ina nguvu kwa sababu bastola yenyewe haina kufuli lolote linaloshika slaidi risasi inapolipuka, kinachoizuia ni uzito wa slaidi na hiyo springi basi, hata bastola ya Walther PP ya Ujerumani ya 1929 imejengwa vivyo hivyo. Jeshi la Kisovieti waliipokea 1951, risasi 8 kwenye magazini, na kwa kusafishwa hivi inafunguka bila chombo, ndo maana hapa hujashika bisibisi hata moja.

Ukishatoa slaidi na springi, simama hapo. Una vipande vinne mezani, fremu na mtutu wake, slaidi, springi, magazini. Hivo vinatosha kusafishwa na mwenye silaha. Ule mpini una skrubu nyuma na najua mkono utakuwasha kuifungua uone ndani kuna nini, ndani kuna springi bapa ya nyundo na ukiitoa bila kujua inavyorudi unakuja kuwa na bastola ambayo sefti yake huiamini. Mie nlipoletewa silaha mbovu, nyingi hazikuharibika kwa kupigwa risasi, ziliharibiwa na mwenyewe siku ya kuzisafisha.

Sasa kutu, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu nyote watatu, wewe na mama na jirani, mnazungumzia mafuta, wakati adui yako ni chumvi na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Chukua chumvi ya jikoni kijiko kimoja utie kwenye mafuta yoyote, koroga mpaka uchoke, inakaa chini vile vile. Tia kwenye maji inapotea. Wavuvi wote hapa wanajua hili, mashine ya boti ikitoka baharini inasukumwa maji matamu kwanza ndo mambo mengine yafuate, hakuna anayepaka grisi juu ya chumvi akasema amesafisha. Bastola ni chuma vile vile. Nyumba yako ikiwa pwani, upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka kwenye nondo za dirisha, si unaziona zinavyochubuka, basi na kwenye bastola inakaa hivo hivo huioni. Na jasho lako pia ni chumvi. Ukiipaka mafuta juu yake umeifunika tu, chini inaendelea kula.

Na kuna chumvi ya pili watu hawaijui. Risasi za zamani za Kisovieti, vile vifataki vyake, vile vidogo nyuma ya ganda vinavyowasha baruti, vina potasiamu kloreti, ikilipuka inabakisha potasiamu kloraidi ndani ya mtutu, hiyo ni ndugu yake chumvi ya mezani khasa, inavuta unyevu hewani. Kwa hali ya hewa yetu, ukipiga risasi za namna hiyo ukaacha bila kuosha, hazipiti siku nyingi utaona wekundu. Kama hujui risasi zako ni za mwaka gani, zihesabu ni za aina hiyo na uoshe kwa maji.

Naam, maji. Usishtuke. Chemsha maji kidogo, tia sabuni, chovya vipande vya faneli au fulana kuukuu, kamua, pitisha kwenye mtutu kwa ufito. Mtutu wa Makarov hautoki kwenye fremu, kwa hiyo ufito unaingilia mdomoni, angalia usikwaruze ukingo wa mdomo maana pale ndo risasi inapoagana na bastola, pakipata pengo inakwenda upande. Pitisha vya sabuni vitatu vinne, kisha vya maji matupu ya moto, kisha vikavu mpaka kitoke kama kilivyoingia. Nje na ndani ya slaidi futa kwa kitambaa kilichochovywa na kukamuliwa, usiitose fremu nzima kwenye beseni, maji yakiingia kwenye nyundo na triga hutayafikia kuyakausha. Maji ya moto yanasaidia kwa sababu chuma kinapata joto kinakauka chenyewe. Weka mbele ya feni robo saa.

Masizi meusi ya baruti ndo yanataka mafuta ya taa na mswaki wa zamani, hasa ule uso wa slaidi unaogusa ganda la risasi, na kile kikucha kinachovuta ganda. Fanya mlango wazi na jiko la mkaa liwe mbali. Petroli hapana kabisa, mvuke wake unatambaa chini unafika jikoni kabla yako. Na usifanye juu ya sinia la chakula wala meza mnayolia, masizi ya risasi yana ledi, ni sumu na kwa watoto ni mbaya zaidi, tandika karatasi uitupe, vile vitambaa usivirudishe kufutia vyombo, na mikono uoshe kwa sabuni mpaka viwikoni kabla hujashika kitu cha kula.

Vile vidoti vya kutu, tone la mafuta, acha kidogo, kisha sugua taratibu kwa brashi ya shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha bastola, inatoa kutu haili chuma. Msasa usiukaribie. Ule weusi wa bastola ni ngozi nyembamba mno, kazi yake kubwa ni kushika mafuta, ukiukwangua umefungua mlango wa kutu mpya pana kuliko ya mwanzo. Pakibaki kidoa cheusi baada ya wekundu kutoka, kiache, hicho hakiumi.

Sasa ya mama. Mafuta ya nazi mie nayapenda kwenye nywele na kwenye mwili, lakini kwenye bastola yanachacha, na yakishuka chini ya nyuzijoto 24 yanaanza kuganda, na usiku wa Julai sisi tunafika huko. Asubuhi unaikuta bastola na ute mweupe kwenye njia za slaidi. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi, yanageuka gundi. Mwambie mama kwa adabu.

Ya jirani imenifurahisha kwa kweli, maana hakuitoa hewani. Wajapani wana mafuta ya kupaka panga zao za kale yanaitwa choji, na choji kwa lugha yao ndo karafuu, ni mafuta mepesi yaliyotiwa karafuu kidogo. Lakini hayo ni ya upanga, kipande kimoja cha chuma kinacholala kwenye ala. Ile ya kiwandani pale Wawi inayotoka kwenye makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ni kali, ikiwa tupu inadhuru baadhi ya plastiki na mpini wako sio chuma, na sehemu kubwa inapaa hewani inakuacha na harufu bila kinga. Iache kwa meno.

Wewe nunua mafuta ya cherahani, vile vichupa vidogo, au ukipata mafuta ya silaha yenyewe ni bora zaidi. Vile vya kopo la kupulizia kama WD-40 vinafaa kufukuza maji baada ya kuosha, ndo kazi viliyotengenezewa, lakini usivitegemee kuwa ndo mafuta ya kudumu, lazima yafuate mafuta yenyewe. Na kiasi, mwanangu, tone moja kila njia ya slaidi, tone juu ya mtutu pale springi inapokaa, kwengine kote pakaza kwa kitambaa kisha futa kama vile unajuta kupaka. Mafuta mengi yanashika vumbi na mchanga, na mchanga na mafuta ukichanganya umepata msasa wa maji.

Kuna tundu moja nataka liwe kavu kabisa, lile la pini inayogonga kifataki, ndani ya slaidi kwa nyuma. Pini ya Makarov haina springi ya kuirudisha, inaelea huru, inakwenda mbele na kurudi. Sasa watu wanamimina mafuta mle, yanashikana na masizi yanakuwa ulimbo, pini inaganda ikiwa imechomoza mbele, siku ukikoki slaidi inapeleka risasi chemba na pini imeshangoja pale, inalipuka wewe hujagusa triga. Tikisa slaidi karibu na sikio, utaisikia inacheza tiki tiki. Usipoisikia, hiyo pia ni ya fundi.

Kufunga ni kurudi njia ulokuja. Springi, ncha iliyobana kwanza, izungushe mpaka ishike. Gadi ya triga iwe bado chini pembeni. Tundu la mbele la slaidi livae springi na mtutu, vuta slaidi nyuma mpaka mwisho kabisa, ibonyeze chini kwa nyuma ikae njiani, hapo utahisi imetulia sawasawa kulia na kushoto, kisha iachie iende mbele ukiwa umeishika. Rudisha gadi juu mpaka isikike kuingia, isipoingia vizuri slaidi inaweza kutoka au kukwama, na hilo pia huenda limekupata.

Kisha ijaribu ikiwa tupu na mdomo kwenye ndoo. Vuta slaidi mara tano sita uiachie yenyewe, irudi mbele kwa nguvu bila kusita. Nyundo ikiwa nyuma, pandisha sefti juu, nyundo ianguke yenyewe bila kugonga pini, na slaidi isikubali kuvutika. Teremsha sefti, hapa ndo pekee kidole kinaruhusiwa, bonyeza triga polepole uone nyundo inanyanyuka na kuanguka. Tia magazini tupu, vuta slaidi, ibaki nyuma. Moja katika hayo lisipokubali usitie risasi.

Kuiweka, usiiache kwenye ala ya ngozi, ngozi inanywa unyevu inaunywesha chuma, na zile dawa za kulainishia ngozi zinaongeza. Valia ala unapotoka, ukirudi itoe, futa alama za vidole, funga kwenye kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, funguo kwako, risasi kwenye kufuli jengine. Vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu ni vizuri ila kwa unyevu wa Pemba vinajaa haraka, badilisha. Masika ikianza iangalie kila wiki hata kama hujaitumia, na kila ukivuka na boti ukarushiwa maji, siku hiyo hiyo kitambaa cha maji matamu, kikavu, mafuta.

Ukishageuza springi niandikie. Kama bado inakwama, nieleze inakwama ikiwa imebakisha kiasi gani kufika mbele, upana wa kidole au upana wa sarafu, maana hiyo ndo itanijuulisha kama ni gadi, au njia za slaidi zina kutu ndani usipopaona.